Mawimbi Nyuma ya Leza: Namna Kompyuta Inavyosanifu Kichapuzi cha Tiba ya Mionzi

Katika mashine ya tiba ya mionzi, sehemu ambayo mgonjwa haioni kamwe ni bomba la shaba lenye urefu wa takriban sentimita 30, au zaidi ya mita moja katika mashine za nishati kubwa. Humo elektroni husukumwa na mawimbi ya redio mpaka zikaikaribia kasi ya nuru, kisha hugonga kipande cha metali na kuzaa eksirei, nazo huelekezwa kwenye uvimbe. Bomba hilo ni kichapuzi, yaani chombo cha kuziongezea chembe kasi na nishati, na mashine nzima wahudumu wameizoea kwa kifupisho chake, LINAC. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road jijini Dar es Salaam hutumia mashine za aina hiyo tangu 2018.

Bomba haliwezi kufupishwa tupendavyo. Uga wa umeme ndani yake ukizidi makumi ya mamilioni ya volti kwa kila mita, kuta za metali huanza kutoa cheche na kuharibika. Kwa hiyo mhandisi anayetaka nishati kubwa zaidi hana budi kurefusha njia. Kwa eksirei za kawaida hilo si tatizo kubwa. Kwa protoni na ioni nzito, ambazo hutua ndani ya uvimbe na kuacha salama sehemu kubwa ya tishu iliyo nyuma yake, tatizo ni zito kwa maana halisi ya neno: kule Heidelberg, Ujerumani, mtambo unaomzungushia mgonjwa miale ya ioni una uzito wa zaidi ya tani 600. Ni nchi chache zinazoweza kulipia kitu kama hicho, na katika nchi hizo ni miji michache.

Kwa zaidi ya miaka 40 wanafizikia wamekuwa wakitafuta njia ya kuikwepa shaba. Makala haya yanaeleza njia mojawapo, nayo ni kutumia leza na plazima. Yanaeleza zaidi kwa nini njia hiyo isingefika popote bila kompyuta, na mgonjwa wa leo aitarajie kiasi gani.

Plazima isiyo ya damu

Msomaji wa taaluma ya afya akisikia neno plazima huwaza kimiminika cha manjano kinachobeba seli za damu. Hapa neno lina maana nyingine, ingawa undugu upo: inasimuliwa kwamba Irving Langmuir, aliyelileta katika fizikia mwaka 1928, alikumbushwa na gesi aliyokuwa akiichunguza namna damu inavyobeba chembe zake. Plazima ya fizikia ni gesi ambayo atomu zake zimenyang'anywa elektroni. Zinabaki ioni nzito zenye chaji chanya, na elektroni nyepesi zinazorandaranda kati yake. Radi ni plazima, na ndani ya taa ya tyubu inayowaka mna plazima pia.

Sifa inayotuhusu ni moja: plazima haiwezi kuvunjika, kwa kuwa imekwisha kuvunjika. Uga wa umeme unaopasua shaba hauifanyi lolote.

Mwaka 1979 Toshiki Tajima na John Dawson, wakiwa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walichapisha makala fupi yenye wazo hili: mdundo mfupi wa leza kali ukipenya ndani ya plazima, utazisukuma elektroni pembeni na kuacha nyuma yake wimbi, na elektroni itakayolipanda wimbi hilo itachapuliwa. Yeyote aliyeketi ufukweni wakati boti ya Zanzibar inapita kwa kasi ameshaiona sura yake. Boti imekwisha kwenda, lakini mawimbi yake yanafuata, na ngalawa iliyokuwa imetulia hujikuta imebebwa. Katika plazima boti ni mdundo wa leza, maji ni elektroni, na ngalawa ni zile elektroni chache zilizokuwa mahali pazuri kwa wakati mzuri.

Tajima na Dawson walikadiria kwamba nishati ya gigaelektronivolti moja, yaani elektronivolti bilioni moja, ingepatikana katika sentimita moja. Kwa kiwango hicho, nishati ya mamilioni sita ya elektronivolti ambayo LINAC ndogo huitafuta kwa sentimita 30 ingepatikana katika mikromita 60, karibu unene wa unywele. Leza ya kulithibitisha hilo haikuwapo. Walichokuwa nacho ni kompyuta, na muhtasari wa makala yao unasema wazi kwamba utaratibu huo umeonyeshwa kwa uigaji wa kompyuta. Fani hii basi ilizaliwa ndani ya kompyuta, ikasubiri maabara ziifikie. Zilianza kuifikia baada ya 1985, pale Donna Strickland na Gérard Mourou walipobuni namna ya kukuza midundo mifupi ya leza bila kuharibu vifaa vyenyewe, kazi iliyowapa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2018.

Kompyuta inafanya nini hasa

Kwa nini tusiandike tu milinganyo na kuitatua kwa kalamu? Milinganyo yenyewe inajulikana: ile ya James Clerk Maxwell inayoeleza uga wa umeme na wa sumaku, pamoja na kanuni inayosema uga huo unaisukuma vipi chembe yenye chaji. Ugumu ni kwamba kila elektroni inasukumwa na uga, na papo hapo mwendo wake unaubadili uga huohuo unaozisukuma elektroni nyingine zote. Ni kama soko lenye wachuuzi bilioni kadhaa, kila mmoja akibadili bei yake kwa kuangalia bei za wenzake wote kwa wakati mmoja. Kalamu haifiki mbali.

Mbinu iliyoshinda, ambayo Dawson mwenyewe ni mmoja wa waasisi wake, hugawa nafasi katika vijumba vidogo mfano wa wavu. Thamani za uga huhifadhiwa kwenye vijumba, ilhali chembe ziko huru kutembea popote ndani yake. Kompyuta hurudia mzunguko wa kazi nne. Inasoma uga mahali ilipo kila chembe. Inaisogeza chembe hatua moja ndogo. Inahesabu mkondo wa umeme ambao chembe hizo zimeusababisha katika kila kijumba. Kisha inatumia mkondo huo kupata uga mpya kwa milinganyo ya Maxwell. Halafu inaanza tena. Hakuna zaidi ya hapo, na mwanafunzi mwenye bidii anaweza kuandika programu ya namna hiyo kwa kurasa chache.

Gharama iko kwenye marudio, nasi tuihesabu pamoja, kwani bila tarakimu jambo hili halieleweki. Leza inayotumika sana ina urefu wa wimbi wa nanomita 800. Ili kompyuta ilione wimbi hilo vizuri, kijumba kiwe na urefu wa nanomita 40 kuelekea leza iendako. Pembeni tunaweza kuridhika na nanomita 200. Tuchukue sanduku la plazima lenye mikromita 80 kila upande, dogo kuliko chembe ya mchanga wa kawaida. Tunapata vijumba 2,000 kwa 400 kwa 400, yaani milioni 320. Katika plazima yenye elektroni milioni moja kwa kila mikromita ya ujazo, sanduku hilo lina elektroni zipatazo bilioni 512. Hazifuatiliki moja moja. Tunaweka chembe wakilishi mbili katika kila kijumba, kila moja ikisimama badala ya elektroni 800. Chembe wakilishi ni milioni 640.

Sasa muda. Katika hatua moja nuru isivuke zaidi ya kijumba kimoja, basi kila hatua ni kama sehemu 0.13 ya femtosekunde. Femtosekunde moja hupatikana kwa kugawa sekunde katika sehemu milioni, kisha kila sehemu katika sehemu bilioni. Kuifuata leza kwa sentimita moja tu kunahitaji hatua 250,000. Zidisha kwa chembe milioni 640: tunapata misogezo trilioni 160. Kompyuta inayosogeza chembe milioni moja kwa sekunde ingemaliza kazi hiyo baada ya miaka mitano, kwa jaribio moja, la sentimita moja. Mtafiti akitaka kujua itakuwaje akipunguza gesi kidogo, miaka mitano mingine.

Ndiyo maana historia ya fani hii ni pia historia ya kubana matumizi. Sanduku halibebi njia nzima, linasafiri pamoja na leza kama taa ya baiskeli inayomulika mita chache mbele kila inapokwenda. Kazi hugawanywa kwa maelfu ya vichakato vinavyofanya hesabu kwa pamoja. Na mwaka 2007 Jean-Luc Vay, wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani, alionyesha hila iliyowashangaza wengi kwa urahisi wake: badala ya kuhesabu kama mtu aliyesimama maabara, hesabu kama mtu anayekimbia pamoja na leza kwa kasi iliyo karibu na ya nuru. Kwa kanuni za uhusianifu za Einstein, mtu huyo huliona wimbi la leza limerefuka na plazima imefupika. Vijumba vinaweza kuwa vikubwa, njia ni fupi, na idadi ya hatua hupungua mara mia, mara elfu, hata zaidi. Fizikia ni ileile. Aliyebadilika ni mtazamaji.

Pale kompyuta inapodanganya

Mhudumu anayetumia altrasaundi anajua kwamba si kila kivuli kwenye skrini ni kitu kilichomo mwilini. Uigaji nao una vivuli vyake. Kimoja ni maarufu: nuru inayosafiri juu ya wavu wa vijumba huenda polepole kidogo kuliko nuru ya kweli, kwa sababu za kihesabu tu. Elektroni ndani ya kompyuta haina kizuizi hicho. Basi elektroni iliyochapuliwa sana huipita nuru, jambo lisilotokea katika ombwe la kweli, na hapo hutoa mionzi ya bandia ambayo huivuruga miale. Mtafiti asiyejua ataandika kwamba miale yake ni chafu, kumbe uchafu ni wa wavu. Kosa jingine hutokea vijumba vikiwa vikubwa mno: plazima hupata joto ambalo hakuna aliyelitia.

Tiba dhidi ya makosa haya haina fahari. Rudia hesabu kwa vijumba vidogo zaidi uone kama jibu linabadilika. Linganisha programu mbili zilizoandikwa na watu tofauti. Kisha nenda maabara upime.

Nasisitiza jambo hili kwa wahudumu kwa sababu haliko mbali na chumba chao. Programu inayopanga tiba ya mionzi, ile inayoonyesha kwa rangi ni sehemu gani ya mwili itapata dozi gani, nayo ni uigaji. Kati ya mwaka 2000 na 2001, huko Panama, wagonjwa 28 walipewa dozi kubwa kupita kiasi. Wahudumu walitaka kuingiza vikinga mionzi vingi kuliko programu ilivyoruhusu, wakapata njia ya kuviingiza vyote kana kwamba ni kimoja. Programu ilipokea bila kulalamika, ikatoa muda wa tiba ambao kwa baadhi ya wagonjwa ulikaribia kuwa maradufu ya uliostahili. Baadhi yao walikufa. Hesabu rahisi ya mkono, au kipimo kimoja ndani ya tangi la maji, ingelifichua kosa hilo kabla ya mgonjwa wa kwanza kulala mezani. Kompyuta haina uso wa kuonyesha wasiwasi.

Uigaji uliotangulia maabara

Pamoja na hayo, kompyuta imekuwa kiongozi mzuri. Hadi mwanzoni mwa karne hii, elektroni zilizotoka kwenye plazima zilikuwa na nishati mchanganyiko, nyingine kidogo, nyingine nyingi, zisizofaa kwa kazi yoyote ya usahihi. Mwaka 2002 Alexander Pukhov na Jürgen Meyer-ter-Vehn, wakifanya uigaji wa pande tatu nchini Ujerumani, waliona kitu kipya. Leza ikiwa fupi na kali vya kutosha, haiachi mlolongo wa mawimbi. Huzifukuza elektroni zote na kuacha povu lililo tupu kama Bubujiko la sabuni, na elektroni zinazonaswa nyuma ya povu hilo hutoka na nishati inayokaribiana. Mwaka 2004 makundi matatu, la Uingereza, la Ufaransa na la Marekani, yalichapisha kwa pamoja matokeo ya maabara yenye elektroni za namna hiyo, za nishati kati ya takriban milioni 70 na milioni 170 za elektronivolti.

Baadaye mwendo ukawa wa haraka. Mwaka 2006 kundi la Berkeley, likishirikiana na Oxford, lilifikia gigaelektronivolti moja katika sentimita 3.3. Mwaka 2014 lilifikia 4.2 katika sentimita 9, baada ya mpangilio kujaribiwa kwanza ndani ya kompyuta. Na mwaka 2019 likafikia 7.8 katika sentimita 20.

Je, tiba?

Elektroni za LINAC hospitalini, zenye nishati isiyozidi sana milioni 20 za elektronivolti, huingia mwilini sentimita chache tu. Zinafaa kwa ngozi na kovu la titi, si kwa tezi dume. Elektroni za milioni 100 hadi 250 hupenya mwili mzima, na kichapuzi cha plazima hutoa nishati hiyo katika milimita chache.

Kuna sababu ya pili. Mwaka 2014 watafiti wa Institut Curie, Ufaransa, walionyesha kwa panya kwamba dozi ikitolewa kwa kasi kubwa mno, zaidi ya grei 40 kwa sekunde, uvimbe huathirika kama kawaida ilhali mapafu yenye afya huumia kidogo. Njia hiyo huitwa FLASH. Mwaka 2018, Lausanne, Uswisi, mgonjwa wa kwanza mwenye limfoma ya ngozi alipewa grei 15 kwa milisekunde 90. Mashine iliyotumika haikuwa ya leza. Lakini midundo ya elektroni zitokanazo na leza ni mifupi kupindukia, kwa hiyo watu wameanza kuuliza. Kizuizi ni kwamba kila mdundo una elektroni chache, na leza kubwa kama ile ya Berkeley hupiga mara moja tu kwa sekunde. Kiwango cha wastani cha dozi kinabaki kidogo.

Hapa uigaji umeingia tena. Mwaka 2022 timu ya watafiti wa Ufaransa, Marekani na Japani ilitunukiwa Tuzo ya Gordon Bell, heshima kuu katika matumizi ya kompyuta kubwa, kwa kuiga chanzo cha elektroni kinachounganisha kipande kigumu na gesi ili kila mdundo ubebe elektroni nyingi zaidi. Walitumia baadhi ya kompyuta zenye nguvu kuliko zote duniani, zikiwemo Frontier ya Marekani na Fugaku ya Japani. Frontier pekee hula umeme wa zaidi ya megawati 20. Kichapuzi kitakachokaa juu ya meza kinasanifiwa na mashine inayojaza ukumbi. Sioni aibu katika hilo, lakini gharama hiyo nayo ihesabiwe.

Kwa upande wa protoni, leza hupigwa kwenye karatasi nyembamba ya metali au plastiki, na chembe hutoka upande wa pili. Mwaka 2000 maabara ya Livermore ilipata protoni za milioni 58 za elektronivolti, zinazoingia kwenye maji kiasi cha sentimita tatu. Mwaka 2022 watafiti wa Dresden walitibu kwa protoni za leza uvimbe uliooteshwa masikioni mwa panya, na mwaka 2024 wakaripoti protoni za milioni 150. Uvimbe wa kina kirefu kabisa huhitaji kiasi cha milioni 230.

Maneno kwa mgonjwa na anayemhudumia

Hakuna mgonjwa wa saratani anayetibiwa leo kwa chembe zilizochapuliwa na leza, si hapa wala Ulaya. Leza inayorekebisha macho au kuondoa alama za ngozi ni kitu kingine kabisa, na mtu anayetangaza kwamba anatibu saratani kwa leza ya plazima anauza kisichokuwapo. Mgonjwa aliyeshauriwa kuanza tiba ya mionzi kwa kobalti au LINAC asisubiri. Saratani ya mlango wa kizazi inayotibika mwezi huu inaweza kuwa imesambaa baada ya miezi sita, na mashine za leo, zikipimwa na kutumiwa ipasavyo, huponya.

Akiuliza mhudumu, "Mama, nimesikia kuna mionzi mipya, mbona sisi tunapewa ya zamani?", jibu la kweli ni kwamba hiyo mipya bado inajifunza kutoa dozi ileile mara mbili mfululizo. Mdundo mmoja wa leza hutofautiana na unaofuata, na daktari hawezi kuagiza grei mbili kwa chombo ambacho leo kinatoa mbili na kesho mbili na nusu. Uthabiti huo ndio unaotafutwa sasa kwenye kompyuta kuliko nishati yenyewe.

Kwa walimu na wanafunzi wa fizikia tiba: programu nyingi za uigaji huu, kama WarpX, Smilei na EPOCH, hutolewa bure pamoja na msimbo wake. Kompyuta ya mkononi haitaweza sanduku la pande tatu tulilolihesabu. Itaweza la upande mmoja. Vijumba 2,000 vyenye chembe 20 kila kimoja ni chembe 40,000. Kwa milimita moja ya safari ni hatua 25,000, jumla misogezo bilioni moja, na kwa kasi ileile ya milioni kwa sekunde kazi huisha katika dakika 17. Mwanafunzi ataliona wimbi la Tajima na Dawson likijengeka nyuma ya leza. Povu hataliona, kwa sababu katika upande mmoja elektroni hazina pembeni pa kukimbilia, na kueleza kwa nini ni zoezi zuri la wiki ya pili.